Kuchagua Saundiba kwa Sebule ya Bati: Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Runinga za siku hizi zina picha kubwa na sauti ndogo. Ile ya zamani, TV ya chogo, ilikuwa na kina cha kutosha kubeba spika iliyomtazama mtu usoni. Ya flati imebaki na unene wa sentimita chache, kwa hiyo spika zake ni ndogo, zimefichwa chini au mgongoni, na sauti hugonga meza au ukuta kabla ya kumfikia anayesikiliza. Pengo hilo ndilo linalozibwa na saundiba: boksi refu na jembamba linalokaa chini ya skrini, lenye spika kadhaa zilizopangwa kwa mstari na amplifaya yake humo humo ndani. Kampuni ya Altec Lansing ya Marekani ilitoa moja ya mwanzo kabisa, ADA106, mwaka 1998. Ziliposambaa runinga za flati katika miaka ya 2000, saundiba nazo zikasambaa.

Tanzania Bara ilianza kupata vituo vyake vya runinga mwaka 1994, na mitambo ya analojia ikaanza kuzimwa mwishoni mwa mwaka 2012, ikianzia Dar es Salaam na kufuatiwa na mikoa mingine. Tangu hapo king'amuzi na dishi vimekuwa sehemu ya nyumba, na picha ikawa safi hata Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Sauti haikupiga hatua kama picha. Sebule nyingi za Kyela zimeitafutia dawa kwa sabufa, lile boksi la besi lenye spika zake ndogo mbili au zaidi na nyaya zinazotambaa ukutani. Saundiba ni mgeni aliyeingia baadaye kupitia maduka ya Mwanjelwa jijini Mbeya, Kariakoo, na mizigo ya ndugu wanaorudi kutoka Dubai na Muscat. Wanaoiuza husifia wati na taa. Linalopaswa kuangaliwa kwanza ni nyumba itakamokaa.

Kyela ni bonde la chini, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, ambamo mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo humwaga maji yake ziwani. Mvua ya mwaka hupita milimita 2,000, na sehemu kubwa yake hushuka kati ya Machi na Mei. Nyumba za mianzi na udongo, zilizoezekwa kwa majani, zimepungua mwaka hadi mwaka. Nyumba ya leo ni ya tofali za kuchoma, sakafu ya saruji na paa la bati, na mara nyingi haina dari. Kwa habari ya sauti, bati ndilo jambo kubwa kuliko yote yanayoandikwa kwenye boksi la saundiba.

Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili waliokaa umbali wa mita moja hufika desibeli 60 hivi. Mvua kubwa juu ya bati lisilo na dari hupita 70 bila shida. Ili maneno yaeleweke vizuri, sauti ya msemaji inapaswa kuizidi kelele kwa desibeli 15 hivi, yaani runinga inatakiwa kutoa 85 au zaidi pale alipokaa mtu. Kila nyongeza ya desibeli 10 hudai nguvu ya amplifaya mara kumi. Kutoka desibeli 65, kiwango cha kusikiliza kwa raha usiku uliotulia, hadi 85, nguvu inayohitajika ni mara 100. Saundiba ndogo haiifikii, na kubwa ikiifikia inakuwa imeingia katika kiwango ambacho viwandani huhesabiwa kuwa mwanzo wa hatari kwa masikio ya anayekaa nacho kwa saa nane. Watoto waliokaa chini mbele ya skrini hupata zaidi ya hapo.

Ndiyo maana mwenye sebule isiyo na dari akiwa na fedha za saundiba ya bei kali, busara ni kuzigawa: sehemu iende kwenye dari ya jipsamu au silingibodi, inayobaki inunue saundiba ya kawaida. Dari huvunja mshindo wa matone, hupunguza joto la bati la mchana, na huzuia vumbi na kinyesi cha popo kisidondokee vyombo. Hakuna kitufe cha rimoti kinachoweza kufanya kazi hiyo. Wauzaji hawalisemi hili kwa kuwa hawauzi dari, lakini ndilo linalomfaa mnunuzi wa mwambao huu kuliko lolote litakalofuata hapa.

Baada ya paa kuna mwangwi. Sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa plasta hurudisha sauti kama zilivyoipokea, na neno la pili hulikuta la kwanza bado linazunguka chumbani. Kipimo chake hakigharimu kitu: mtu asimame katikati ya sebule, apige kofi moja kali, kisha anyamaze. Kofi likikatika papo hapo, chumba kinafaa. Likiacha mlio unaovuma kidogo pembeni, hata mashine nzuri itasikika kama tangazo la stendi. Makochi ya kitambaa, mapazia mazito, zulia au mikeka miwili mitatu sakafuni, na kabati la vitabu au nguo kwenye ukuta unaotazamana na runinga, vyote hupunguza mvumo huo.

Sasa inafaa kuuliza saundiba inatakiwa kutoa sauti ya nini. Nyumba nyingi hazitazami sinema za milipuko tangu asubuhi hadi usiku. Hutazama taarifa ya habari, mechi za Simba na Yanga, tamthilia, kwaya za Jumapili kutoka kwenye flashi, na sinema za kutafsiriwa. Karibu vyote hivyo ni maneno ya watu. Nguvu ya sauti ya mtu hutoka kwenye irabu, zilizo chini kidogo katika ngazi ya mitetemo, ila maana hubebwa zaidi na konsonanti, na nyingi kati ya hizo, hasa s, sh, f na z, ziko juu, kati ya hezi 2,000 na 8,000. Mtu akisema fika, pika, shika au zika, anayesikia spika hafifu hupata "ika" tu. Kichwa chake hulazimika kukisia mwanzo wa neno. Mzee ambaye masikio yake yameanza kuchoka hupoteza kwanza hizo za juu, na ndiye anayeomba sauti iongezwe. Ikiongezwa bila kusafishwa, besi hupanda pamoja nayo na kuzifunika konsonanti zaidi.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya kutafutwa ni spika ya katikati. Tarakimu zilizoandikwa kwenye boksi husema wazi. 2.0 ni spika za kushoto na kulia peke yake. 2.1 ni hizo pamoja na boksi la besi. 3.1 ina ya kushoto, ya kulia, ya katikati na la besi, na ile ya katikati hubeba mazungumzo. 5.1 huongeza za pembeni au nyuma. Kwa sebule ya kawaida ya Kyela, 3.1 iliyotengenezwa vizuri ni bora kuliko 5.1 ya bei hiyo hiyo, kwa kuwa fedha imewekwa kwenye maneno badala ya kutawanywa pande zote. Asiyeimudu achukue 2.1 au hata 2.0, mradi iwe na mpangilio wa kukuza mazungumzo, unaojulikana kwenye rimoti nyingi kwa picha ya mtu anayesema au neno linalomaanisha sauti ya habari. Mpangilio wa usiku nao una faida hapa: hupunguza milipuko na kuinua minong'ono, watoto wakabaki usingizini.

Sinema za kutafsiriwa zinastahili nafasi yake. Sanaa hii ya kusimulia filamu ya kigeni kwa Kiswahili, iliyovumishwa nchini na Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, ndiyo iliyozoesha vibanda umiza na sebule kusikiliza sinema kwa sauti ya msimulizi mmoja. Sauti hiyo hurekodiwa juu ya sauti ya filamu, na faili likishapita mikononi mwa wanakili kadhaa hufika kwenye flashi likiwa limebanwa sana, mara nyingi kwa njia moja ya sauti. Ndani yake hakuna tena sauti ya nyuma wala ya juu. Mashine yenye spika kumi na moja hailifanyi faili hilo kuwa sinema ya ukumbini. Hurudia kilichomo tu, na inayojaribu kubuni ukumbi kwa kuongeza mwangwi wa bandia humzamisha msimulizi. Mpangilio huo uzimwe.

Hapo ndipo Dolby Atmos inapopimwa kwa haki. Mfumo huu, ulioingia kwenye kumbi za sinema mwaka 2012 na baadaye majumbani, huweka sauti juu ya kichwa cha mtazamaji: helikopta ipite, mvua inyeshe. Saundiba za daraja hilo huwa na spika zinazotazama juu, na sauti hugonga dari ndipo ishuke. Zinahitaji dari bapa, isiyo juu mno. Bati lililoinama, lenye mikunjo na lisilo na kitu chini yake, hutupa sauti hiyo upenuni au popote. Zaidi ya hayo, sauti yenyewe ya Atmos hupatikana kwenye diski za Blu-ray na huduma za filamu za intaneti, ambazo hudai bando kubwa. Chaneli za kawaida za ving'amuzi hazina. Kwa nyumba nyingi za bonde hili, kulipia Atmos ni kulipia kisichotumika.

Kuhusu wati, udanganyifu ni mwingi na wa muda mrefu. Boksi huandikwa wati 5,000 au 10,000, pengine na herufi PMPO, ambazo si kipimo cha kazi yoyote ya kweli. Kinachoaminika ni wati za RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Zisipoandikwa, mnunuzi ageuze mashine na kusoma kibandiko cha nyuma panapotajwa umeme inaokula. Mashine inayokula wati 40 haiwezi kutoa 1,000 mfululizo, kwa kuwa hakuna chombo kinachotoa zaidi ya kilichopokea. Kwa chumba cha mita nne kwa tano, wati 60 hadi 120 za kweli zinatosha na kubaki. Na nguvu ikiongezwa mara mbili, sikio hupata desibeli 3 tu, tofauti ndogo.

Je, sabufa iliyopo itupwe? Hapana, na hapa saundiba isipendelewe kupita haki yake. Sabufa ya kawaida ina boksi kubwa la mbao, hewa ya kutosha ndani, na besi yake huwa nzito kuliko ya ubao mwembamba. Ikiharibika, fundi redio wa Kyela mjini au Ipinda huifungua, hukuta saketi anazozijua, hubadilisha IC au transista na kuirudisha. Saundiba aghalabu ina bodi moja yenye vipande vidogo mno vilivyobandikwa kwa mashine. Bodi ikifa, mara nyingi dawa ni bodi nyingine, nayo haipatikani karibu. Mwenye kupenda muziki wa kucheza, mwenye duka au mgahawa, na anayekaa mbali na barabara ya Uyole–Tukuyu–Kasumulu wana sababu nzuri ya kubaki na sabufa. Saundiba inamfaa anayetaka maneno yaeleweke, nyaya zipungue na majirani wapumzike.

Majirani wana haki yao. Besi ina mawimbi marefu. Ya hezi 50 huwa na urefu wa karibu mita saba, na ukuta wa tofali humzuia mtangazaji kuliko unavyoizuia ngoma. Besi hupita kwenye nafasi ya wazi kati ya ukuta na bati, hutikisa vioo na mabati yaliyolegea misumari, na nyumba ya pili husikia "dum" bila wimbo. Boksi la besi likiwekwa kwenye kona huongezeka nguvu. Likisogezwa mbali na kona na kuinuliwa kidogo kutoka sakafuni, hupungua mngurumo na kuwa wazi zaidi. Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Mazingira zinagusa makazi pia, na mamlaka ya mazingira ndiyo inayozisimamia.

Ukubwa ufuate runinga. Skrini ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi, ya inchi 43 sentimita 95, ya inchi 55 karibu 122. Saundiba ikizidi runinga kwa urefu huning'inia mezani. Kimo nacho kipimwe: ikiwa ndefu kwenda juu huziba kijicho kinachopokea rimoti ya runinga. Mahali pake ni mbele kabisa ya meza, uso wake ukiwa sawa na ukingo au umetokeza kidogo, kamwe isisukumwe ndani ya kabati. Na vitambaa vya kufuma ambavyo akina mama huvitandaza juu ya vyombo vya sebuleni, vizuri kama vilivyo, vikishuka mbele ya spika hula zile sauti za juu zinazobeba konsonanti. Kitambaa kitandikwe juu, mbele pabaki wazi.

Kuunganisha ni jambo fupi. Njia bora ni waya wa HDMI kutoka tundu la runinga lililoandikwa ARC, utaratibu uliokuja mwaka 2009, hadi tundu kama hilo la saundiba. Waya mmoja hupeleka sauti ya king'amuzi, flashi na intaneti, na rimoti ya runinga hupandisha sauti ya saundiba. Runinga isiyo na ARC hutumia waya wa mwanga, na ya zamani zaidi waya mwekundu na mweupe. Blututhi ibaki kwa muziki wa simu: huchelewesha sauti, mara nyingi kwa milisekunde 100 hadi 200, na mtazamaji huanza kutambua kasoro sauti ikichelewa karibu milisekunde 125, mpira umeshatoka mguuni ndipo teke lisikike. Saundiba ikinyamaza baada ya kuunganishwa, aghalabu haijaharibika. Runinga au king'amuzi kimepangwa kutoa Dolby wakati mashine haiijui, na kikirudishwa kwenye PCM, yaani sauti ya kawaida isiyobanwa, sauti hurudi.

Hali ya hewa ya mwambao hula vyombo. Unyevu huleta kutu kwenye matundu ya nyaya, hulegeza karatasi za spika na kuozesha sponji inayozizunguka. Mashine isiyowashwa kwa miezi huharibika kuliko inayowashwa kila siku, kwa kuwa joto lake dogo hufukuza unyevu. Sisimizi hupenda boksi lenye joto, na wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopaa juu ya maji kwa mawingu kama moshi, upepo ukiwaleta nchi kavu huingia kwenye kila tundu la hewa. Brashi laini na kitambaa kikavu vinatosha kusafishia. Dawa ya kupuliza isipigwe karibu. Katika vijiji vinavyofurika mito inapojaa, boksi la besi na ekstensheni visiwekwe sakafuni.

Umeme wa TANESCO ni volti 230, na saundiba ya Malawi, Dubai au Muscat itafanya kazi bila shida. Iliyotoka Marekani kwa volti 120 itaungua isipopita kwenye transfoma, ila kama kibandiko kinasema 100 hadi 240. Kinachoua zaidi ni umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, na radi. Kifaa cha kulinda kinachochelewesha umeme kwa dakika kadhaa, kama kile cha friji, husaidia kwa la kwanza. Kwa radi hakuna kinachoaminika kama kuchomoa, na waya wa dishi uchomolewe pia, kwa kuwa radi hupita humo hadi kwenye king'amuzi, ikaingia HDMI na kuifikia saundiba iliyokuwa imezimwa.

Dukani, majaribio yasifanywe kwa wimbo wa muuzaji, uliochaguliwa kwa besi yake. Mnunuzi aende na flashi yenye vitu vitatu: dakika chache za taarifa ya habari, kipande cha sinema ya kutafsiriwa chenye kelele nyuma ya msimulizi, na kwaya. Asikilize habari kwa sauti ndogo akiwa amesimama mita tatu, kisha ageuke asitazame skrini. Akipata kila neno, mashine imefaulu la kwanza. Kwenye sinema asikilize kama msimulizi anabaki juu ya milio. Kwenye kwaya atafute sauti ya pili na ya tatu, zile zinazopotea kwanza kwenye spika duni. Kisha apandishe hadi mwisho kwa sekunde chache: ikianza kukwaruza robo tatu ya njia, nguvu iliyoandikwa si ya kweli. Sebuleni itasikika tofauti kidogo, ndiyo maana inafaa kukubaliana mapema juu ya siku chache za kurudisha.

Mwisho ni karatasi. Risiti ya EFD yenye jina la bidhaa na namba yake, kadi ya waranti iliyopigwa muhuri, na alama ya ubora ya TBS, vikaguliwe kabla ya fedha kutoka. Waranti iulizwe inahudumiwa wapi: ikiwa ni Dar es Salaam peke yake, gharama ya kuisafirisha mashine kwenda na kurudi iongezwe kwenye bei. Boksi na maboya yake yatunzwe mpaka muda wa waranti uishe, kwa kuwa maduka mengi hukataa mashine iliyorudishwa ikiwa imefungwa kwenye kiroba.